Matone ya Ua la Machimboni

4 Machi

Dada yangu mpenzi,

...na lile jambo la pili ulilouliza, jibu ni ndiyo, mume wangu bado ananishika mkono tukivuka barabara, hata barabara yenyewe ikiwa haina gari. Umesema niache kukuandikia kama mtu aliyeokota almasi. Nitajitahidi, ila si leo, maana leo tunatimiza wiki ya sita ya ndoa.

Ngoja nikuchoree nyumba, kwa kuwa hujaiona. Vyumba vitatu, na mbele karakana yake ya makochi. Huyu fundi wangu anafanya kazi na misumari midogo midomoni, kwa hiyo akinihitaji hawezi kuniita. Anagonga nyundo mara mbili kwenye fremu, nami natoka mbio. Mama mkwe anasema nimefugwa kama kuku. Nikamwambia, mama, kuku gani anapigwa busu? Akacheka mpaka akavua miwani.

Mama mkwe ndiye ninayetaka kukuandikia leo. Anatengeneza maji ya maua. Nyuma ya nyumba za mwisho kuna machimbo ya mawe yaliyoachwa, na huko linaota ua la porini, dogo, la bluu, linalofunguka jua likichomoza na kujikunja kabla ya saa sita. Halishikwi kwa mkono. Unalichuma kwa jani, unaliacha liangukie kwenye bakuli la kioo lenye maji safi, unaliweka bakuli juani kwa muda wa saa tatu. Aliyechuma anakaa pembeni muda wote huo akiwaza jambo moja tu, lile analotaka liingie moyoni mwa atakayekunywa, na haruhusiwi kuongea. Hebu nifikirie mimi, saa tatu bila kuongea. Ndiyo maana sijakabidhiwa bakuli.

Maua yakishatolewa, maji yanatiwa siki kidogo yasiharibike na yanawekwa kwenye chupa kuu. Kutoka huko unajaza chupa ndogo, na hiyo ndiyo watu wanabeba. Matone manne chini ya ulimi, asubuhi. Wanakuja wengi: walioachwa, waliofukuzwa kazi, wanaoogopa mitihani. Mume wangu mwenyewe aliyanywa mwaka mzima baada ya mke wake wa kwanza kugongwa na gari, ile habari niliyokueleza. Alikuwa haongei wala hashoni. Sasa mwone.

Mama mkwe leo amekwenda kupimwa macho, basi nimepanda stuli mwenyewe nikakujazia chupa, iko humu kwenye kifurushi. Najua tangu ile simu ya hospitali hutaki hata kuisikia simu, ndiyo maana nakuandikia. Lakini mwaka unakaribia kuisha tangu mumeo, Kinyozi wako, aondoke, na wewe hujacheka. Nakutaka urudi.

Nakupenda mpaka kero,
Kasuku wako

13 Machi

Kasuku,

Barua imefika ikinukia, sijui umeipaka nini. Karani wa posta ameinusa kabla ya kunipa, akaniuliza kama nimepata mchumba.

Nina miaka kumi na minne nyuma ya kaunta ya duka la dawa. Nasoma mwandiko wa madaktari ambao wao wenyewe hawauelewi. Chupa yako nimeifungua na kuinusa: maji na siki. Siki ninayo jikoni. Mimi nikimuuzia mtu maji nitafungwa, mama mkwe wako anaandaliwa chai.

Niko salama. Nalala kwenye kiti kwa ajili ya mgongo, si kwa lingine. Koti la kazi la Kinyozi bado linaning'inia mlangoni kwa sababu sijapata nafasi ya kulitoa. Wateja wake wananisalimia mtaani wakiwa na nywele ndefu kama watu wa pangoni. Wanasema hawajapata mkono mwingine. Hayo tu.

Usimkimbilie kila akigonga nyundo. Mwache akutafute kidogo.

Dada yako

20 Machi

Dada,

Huo mgongo ulianza kuuma siku ya mazishi? Nauliza tu.

Sikuandikii kwa hasira, siwezi kuwa na hasira wiki hii. Mume wangu amenitengenezea kiti kidogo cha kukalia jikoni, amekivisha mabaki ya mahameli ya mteja, nyekundu kwa mbele na zambarau kwa nyuma kwa sababu nyekundu haikutosha. Nimekaa juu yake nikamenya vitunguu nikilia, naye akadhani namlilia kiti.

Kunywa, dada. Yakiwa maji, utakuwa umekunywa maji. Nifanyie mimi, kama ulivyokuwa ukinyonya limau mbele yangu ili nami nimeze dawa ya kikohozi.

Kasuku

9 Aprili

Mdogo wangu,

Haya, nimekunywa. Nilianza siku ile ile barua yako ilipofika, kukunyamazisha. Siku ya nne nililala kitandani. Sikuamua, nilijikuta nimetandika shuka na kupanda. Siku ya kumi nilicheka dukani. Mzee mmoja aliniuliza kama dawa ya minyoo inanywewa na minyoo au na yeye, nikacheka hadi bosi akatoka chumba cha ndani kuangalia kuna nini.

Sijui niseme nini. Sayansi yangu imenitoka kidogo. Asubuhi naamka na wepesi kifuani, kama mtu mwenye safari. Nimepaka ukuta wa sebule rangi. Nimeanza kuimba nikifagia, wimbo ambao sijui nimeusikia wapi.

Na wewe, huo mlango wa jikoni usiuvute kwa nguvu, utavunja bawaba. Uinue kidogo kwa goti, kisha uusukume. Lile kochi la kijani bado liko dirishani? Pale mchana kuna jua zuri la kushonea.

Nakushukuru. Sikutegemea kuliandika neno hilo.

Dada yako

17 Aprili

Dada yangu, dada yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikampelekea mama mkwe aione sehemu ya minyoo. Umecheka. Mimi nimeshapata zawadi yangu ya harusi, wengine waache kuleta vikombe.

Kuhusu mlango, lazima nilikueleza kwamba unakwama, maana mimi nakueleza kila kitu. Nimejaribu kwa goti na umefunguka kama siagi. Mume wangu alikuwa nyuma yangu. Alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka kiganjani, akaniuliza ni nani amenifundisha. Nikasema dada yangu. Akarudi karakana na mchana ule hakugonga nyundo hata mara moja.

Kochi la kijani halipo. Nilimuuliza mama mkwe, akaniambia liliuzwa miaka mitatu iliyopita, akaniuliza nimelisikia wapi. Nilisema nimeota. Sijui kwa nini nilidanganya, ni kochi tu. Labda umelichanganya na la kwetu, ingawa la kwetu lilikuwa la kahawia.

Yote hayo ni madogo. La muhimu ni kwamba unalala. Endelea.

Kasuku mwenye furaha zaidi ya kasuku wote

1 Mei

Mdogo wangu,

Usiniulize nimeyajuaje. Ninayo tu, kama unavyojua mahali ulipoweka ufunguo. Najua bakuli lina ufa mdogo ukingoni na unatakiwa kuugeuzia ukuta. Najua machimboni kuna jiwe lililokatika kama meza, na ndipo maua mazuri yanapoota. Nikiamka vidole vinaniuma ncha, kama mtu aliyeshona kitambaa kizito siku nzima. Hainitishi. Mwambie mumeo mkasi mkubwa aliokuwa anautafuta uko ndani ya fremu ya kochi la daktari. Uliangukia humo kabla hajalifunika.

Koti nimelitoa mlangoni. Nguo zake zote nimezigawa, sikulia. Jana mzee mmoja dukani alisema, tunamkumbuka sana marehemu Kinyozi. Nikamuuliza, kinyozi yupi? Akanitazama, mimi nikamtazama. Ilinichukua muda, Kasuku. Nilipanga dawa kwenye rafu, nikafika nyumbani, ndipo nikakumbuka. Hata baada ya kukumbuka nilikaa najaribu kuisikia sauti yake, ikawa kama kujaribu kukumbuka sauti ya mtu uliyemwona kwenye picha.

Lakini nina furaha. Ndiyo uliyoitaka, siyo?

Dada yako

8 Mei

Dada,

Usinywe tena. Isome mara mbili sentensi hiyo kabla ya kuendelea.

Ni kosa langu. Kwenye kabati la juu chupa kuu ziko mbili. Ya mbele ni ya mama mkwe. Ya nyuma ina uzi mweusi shingoni, na siku ile niliona ndiyo iliyojaa zaidi, nikasema nimchotee dada yangu penye wingi. Sikujua kuwa uzi ule maana yake haiguswi. Mama mkwe kagundua jana kwamba imepungua, alipopanda kufuta vumbi. Alikaa chini palepale sakafuni. Akaniambia aliyekaa kando ya maji yale ni mke wa kwanza, siku tatu kabla ya kugongwa. Ni ya mwisho aliyoyatengeneza. Na anayekunywa anapokea kilichokuwa moyoni mwa aliyekaa.

Wewe uliniambia ni maji na siki. Natamani ungekuwa sahihi.

Kuna lingine. Barua yako ya mwisho niliiacha mezani. Mume wangu aliisoma, akaenda kwa daktari na koleo, akafumua kochi la watu, akarudi na mkasi. Aliketi juu ya kochi lisilo na sponji, juu ya springi tupu, akaniuliza, "Dada yako amewahi kufika hapa?"

"Hajawahi."

"Huo mkasi ulipotea mke wangu akiwa hai."

"Mimi ndiye mkeo," nikasema, na sauti yangu ikatoka ndogo.

"Najua. Samahani. Mwambie aandike zaidi."

Sasa kila asubuhi anasimama getini kumngoja mtu wa posta. Dada, sijawahi kumwona akinisubiri mimi namna ile, mimi nimo ndani siku zote. Naona haya kukuandikia hivi wakati wewe ndiye unayepotelewa. Lakini nimekuandikia. Barua hii sitaiacha mezani.

Acha kunywa.

Mdogo wako

15 Mei

Kasuku,

Yamebaki ya siku tano. Sijayamwaga, na sijasema nitayamwaga.

Wewe uliwahi kulala kwenye kiti miezi kumi na moja? Nikiyaacha, najua kinachonisubiri. Ile korido ya hospitali yenye saa iliyosimama. Nesi aliyeniambia niende nyumbani nikapumzike kwa kuwa mgonjwa amelala. Simu. Kila asubuhi nilikuwa naanzia hapo. Sasa naamka mtu mwepesi, na huyo mwepesi hana habari na Kinyozi.

Ila kuna jambo ambalo ni lazima ulijue, kwa sababu ni la nyumba yako. Mumeo anafikiri anangoja barua ya mapenzi. Mwanamke yule, alipokaa kando ya bakuli, hakuwa anamuwaza yeye. Nimelijua taratibu, kama unavyoujua mwandiko. Huu wepesi ni wa mtu aliyekwisha kufunga mzigo. Kuna begi la bluu chini ya kitanda na tiketi ndani ya kiatu. Hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa na furaha kwa sababu alikuwa anaondoka.

Kwa nini anaondoka sijui. Hilo halikuingia kwenye maji.

Sasa nijibu, na usinidanganye. Niache? Nirudi kuwa mjane wa Kinyozi, au nibaki na furaha ya mtu mwingine? Umenipa dawa bila kuuliza. Angalau majibu nipe ya kweli.

Dada yako

20 Mei

Dada yangu,

Nilimsubiri mume wangu aende kununua sponji, nikamfuata mama mkwe jikoni. Nilimuuliza kuhusu begi la bluu. Alikuwa anakausha vikombe. Akasema alilikuta yeye, siku ya msiba, akalichoma pamoja na tiketi kabla mwanawe hajaliona. Chupa alishindwa kuimwaga, na alishindwa kumpa. Akafunga uzi. Kisha akatengeneza maji yake, yale ya chupa ya mbele, ambayo mume wangu aliyanywa mwaka mzima.

"Ulikaa ukiwaza nini, mama?"

"Jambo moja tu. Asijue."

Basi huo ndio uponaji niliokuwa nakusifia. Nikamuuliza kama mimi pia aliniwekea kwenye chai, zile wiki za kwanza. Aliendelea kukausha vikombe, na vilikuwa vimeshakauka. Tangu siku hiyo chai napika mwenyewe. Kila asubuhi najipima, kama wewe unavyompima mtu homa: bado nampenda? Mpaka leo, bado. Namwangalia akikata kitambaa, natafuta kitu cha kumfanya mwanamke afunge begi, nakikosa. Labda kipo mahali ambapo bado sijafika. Sijamwambia kitu. Nimesema dada yangu huwa anaota tu. Akatikisa kichwa, akaenda getini.

Sasa swali lako. Acha, dada. Yamwage. Lakini kukuambia uache bila kukupa kitu mkononi ni ukatili, kwa hiyo nakuandikia Kinyozi, nilivyomjua mimi.

Sauti yake ilikuwa nzito kuliko mwili wake. Watu wakimsikia kwenye simu walitegemea jitu, akitokea walikuwa wanalitafuta hilo jitu nyuma yake. Ukinuna alikuita Mheshimiwa, na alipitisha hoja zake kwa kunyoosha kidole kama mwanafunzi mpaka umruhusu. Siku ya kunipeleka sekondari alibeba sanduku langu begani, akamwambia mlinzi, "Huyu ni waziri, mimi ni mpambe wake," na mlinzi akapiga saluti kweli. Nilikuwa nalia, nikaacha. Alichukia papai. Alikula kila ulipomkatia, miaka tisa, kwa sababu siku ya kwanza aliogopa kukuambia, na baadaye ikawa amechelewa. Aliniapisha nisiseme.

Na kuna hili. Umesema nisikudanganye, na mimi nimekwisha kukudanganya, kabla ya chupa yoyote.

Si nesi aliyesema mgonjwa amelala. Ni mimi. Umesahau, au umeamua kusahau kwa ajili yangu. Ulikuwa umetoka kidogo kununua maji, nikaingia peke yangu. Alikuwa macho. Alinishika kidole, si mkono, kidole kimoja, akasema, "Usimwambie naogopa. Mwambie nimelala, akapumzike." Nilitoka koridoni nikakuambia amelala, nenda nyumbani. Ukaniamini. Ukaenda, mimi nikabaki naye. Simu ikakukuta huko.

Hakuwa amelala, dada. Alikuwa macho, aliogopa, na kila mlango ulipofunguka aligeuza kichwa kuona kama ni wewe.

Nilitaka ucheke haraka ili mimi nisije nikalazimika kuyaandika haya. Nilipanda stuli siku ile nikiwa na haraka hiyo. Ukiwa bado unayo yale maji, na ukitaka kuyanywa yote kwa mkupuo ukishamaliza kusoma, nitaelewa. Lakini hayo niliyoandika ni yako, hakuna mwingine duniani wa kumpa.

Mume wangu ameomba tuje wote, mara tatu, na amepiga pasi shati lake zuri. Nimemwambia nakuja peke yangu. Ninayo mengine ya Kinyozi, yanayotosha siku kadhaa, na mengine ni ya kuchekesha sana. Ukinifungia mlango nitakaa kizingitini na kuyasema kupitia tundu la ufunguo, majirani wasikie, mpaka uchoke au ufungue. Nakuja kabla mwezi huu haujaisha.

Mdogo wako